Salamu za Krismasi: Waliokutwa Macho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mungu ametufikisha tena msimu wa Krismasi, jina lake litukuzwe. Nawasalimu nyote: wazee wetu, akina baba na akina mama, vijana na watoto, mlio nyumbani na mlio safarini, wagonjwa na mnaowauguza. Mwaka umekuwa mzito. Maisha yamepanda gharama, wengi kazi zimewaponyoka, na wapo tulioimba nao Krismasi iliyopita ambao leo tunawaita marehemu. Mliofiwa, poleni sana. Bwana awafute machozi.

Majilio haya nimezisoma pamoja sura ya pili ya Mathayo na sura ya pili ya Luka, na jambo moja limenikalia moyoni. Herode alipouliza Kristo anazaliwa wapi, makuhani wakuu na waandishi walijibu papo hapo: Bethlehemu ya Uyahudi. Andiko la Mika walikuwa nalo kichwani. Hawakukosea hata neno. Lakini hatusomi popote kwamba mmoja wao aliinuka kwenda kuona, na kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 9 tu! Habari njema iliwakuta wachungaji makondeni, wakilinda kundi lao usiku kwa zamu. Ilimkuta Simeoni, aliyekuwa akiitarajia faraja ya Israeli. Ilimkuta na Ana binti Fanueli.

Huyu Ana ananigusa kuliko wote. Aliishi na mumewe miaka 7, kisha ukaja ujane mrefu. Luka anataja miaka 84. Hakuondoka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Alikuwa akiomba nini miaka yote hiyo, hatuambiwi. Tunaambiwa tu kwamba mtoto Yesu alipoletwa, saa ile ile naye alikuwepo.

Mwaka huu tumemzika dada yangu mkubwa. Alikuwa mtu wa kuamka usiku wa manane. Kila nilipolala kwake nilimsikia akiomba kwa sauti ya chini, akitutaja kwa majina mmoja mmoja, hadi watoto wa jirani. Tangu aondoke najiuliza ni nani sasa anayelitaja jina langu saa ile. Nimemwomba Mungu anipe nguvu nishike zamu yake, maana siwezi kuvumilia ibaki wazi.

Na zamu za namna hiyo Mungu huziheshimu. Mwaka 1727 huko Herrnhut, Ujerumani, Wamoravian walianza kupokezana maombi saa baada ya saa, mchana na usiku, na maombi yale yakaendelea zaidi ya miaka 100. Walikuwa watu wachache, wengi wao wakimbizi wa imani, na kutoka kwao wakatumwa wamisionari hadi ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukesheni! Tusijaze makanisa usiku wa mkesha kisha tukasinzia hadi Pasaka. Adui hana likizo. Anajua kuingilia sikukuu zetu kwa ulevi, kwa uzinzi, kwa ugomvi wa ndugu waliokutana baada ya muda mrefu. Petro alilala Gethsemane, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa amemkana Bwana mara 3. Ndiye huyo huyo aliyekuja kutuandikia tuwe na kiasi na kukesha, kwa sababu Ibilisi huzunguka kama simba angurumaye. Aliandika anachokijua. Baba, ita watoto msali pamoja kabla ya kulala, hata kama ni dakika chache. Mama uliyechoka, usiache. Kijana, weka simu chini, piga magoti. Na ewe uliyeomba mwaka mzima bila kuona jibu, nakusihi kwa upendo wa Kristo, usiondoke hekaluni.

Mungu awabariki, awalinde ninyi na nyumba zenu. Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.