Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruzuku Iwekwe Upande Wake

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimekaguliwa, na mweka hazina atawasomea mwenyewe. Mimi nitabaki na jambo lililochukua vikao vingi vya kamati mwaka huu: fedha za utafiti zinazotoka kwa wafadhili wa nje, yaani ruzuku.

Vyuo vingi hupima idara kwa ukubwa wa ruzuku iliyoleta. Kamati inaona hapo hesabu imekosewa. Ruzuku ni pembejeo, yaani kitu kinachotumika kufanyia kazi, sawa na muda wa mhadhiri na vifaa vya maabara. Ukiihesabu kama tokeo, yaani matunda ya kazi, aliyetumia fedha nyingi anasifiwa, na aliyefanya kazi ileile kwa fedha kidogo anaonekana mzembe. Mbinu waliyoibuni wataalamu Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978, ya kulinganisha pembejeo na matokeo, hutumika sana kupima vyuo. Hata hiyo haiwezi kumwokoa anayepanga ruzuku upande wa matokeo.

Sizibezi fedha hizo. Bila hizo wengi wetu tusingekuwa na wasaidizi wa utafiti, wala wanafunzi wa uzamivu wasingemaliza. Lakini kuzitafuta kuna gharama isiyoandikwa popote. Nchini Australia, ilikadiriwa kwamba maandiko ya miradi ya kuomba ruzuku yaliyopelekwa mwaka 2012 kwa baraza la taifa la utafiti wa afya yalikula zaidi ya miaka 500 ya kazi za watafiti, na takriban moja tu kati ya matano ndilo lililofadhiliwa. Manne yaliyobaki yaliandikwa na watu walewale ambao data zao zinasubiri kuchambuliwa. Hili linaniuma, kwa sababu nimewaona wenzetu wakianza andiko la tatu kabla ya kuchapisha hata makala moja ya mradi wa kwanza. Na mradi ukiisha, msaidizi aliyekwisha kuiva huondoka na ujuzi wake.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mfuko wa taifa wa sayansi wa Uswisi, maandiko yakilingana kwa ubora, huchagua kwa bahati nasibu. Kamati inapendekeza hatua nyepesi zaidi: mfadhili apokee kwanza muhtasari wa kurasa mbili, na andiko kamili liombwe kwa wachache.

Ili tuwe na hoja yenye takwimu zetu wenyewe, katibu anagawa fomu za kurekodi saa mnazotumia kuandika maombi. Naomba zirudi zimejazwa kabla ya mkutano mkuu, hata na wale ambao maombi yao yalikataliwa.