Kinyamadege si pengwini

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila barua yako imenichekesha peke yangu kama mwehu. Eti kinyamadege (platypus), yule mnyama wa mtoni mwenye mdomo kama wa bata, kwa kuwa ana mdomo huo basi ni pengwini aliyepotea njia ya baharini!

Nakubali, una pa kuanzia. Wote wawili wako kusini-mashariki mwa Australia na Tasmania. Pengwini mdogo wa kule ana kimo cha sentimita 33 hivi na uzito wa kilo moja na ushei, na kinyamadege naye hayuko mbali na hapo. Wote hupiga mbizi, wote hulea watoto shimoni, wote kwa kawaida hutaga mayai mawili. Hapo umenikaba.

Lakini mdomo umeutazama kwa nje tu. Pengwini huwinda kwa macho: akimwona samaki, humfukuza mpaka amnase. Kinyamadege akishazama hufumba macho, huziba masikio na pua, kisha huupeleka mdomo huku na huku kama mtu anayepapasa funguo gizani. Mdomo wenyewe si mgumu kama wa ndege. Ni laini, na ngozi yake ina vipokezi kama 40,000 vinavyohisi umeme hafifu wa misuli ya kijidudu kilichojificha kwenye tope la mto. Amejifumba macho mwenyewe, na bado anashiba! (Dume usimguse: miguu ya nyuma ina mwiba wenye sumu.)

Tuje kwenye mayai. Pengwini, mume na mke hupokezana kuatamia kwa siku 35 hivi. Yai la kinyamadege halifiki hata sentimita mbili, na ganda lake ni laini kama ngozi. Mama hujikunja peke yake shimoni, akayabana mayai kati ya tumbo na mkia kwa siku kama 10. Baba hayumo kabisa, najua utakavyosema. Watoto wakishaanguliwa hunyonya, ila mama hana chuchu: maziwa huchuruzika tu kwenye manyoya ya tumbo. Nionyeshe pengwini wa hivyo!

Wala usione aibu. Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa Uingereza, alipomchunguza kinyamadege aliyekaushwa alishuku kuna mtu amembandika mnyama mdomo wa bata.

Haya, jibu. Na safari hii usiandike kwa penseli, nimekodoa macho hadi yameniuma.

Wako,
Neema