Mpeni mjaribu programu kitu cha kujaribu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na makampuni yanayoajiri wajaribu wa programu za simu na kompyuta, yaani sisi ambao kazi yetu ni kuutafuta ubovu wa mfumo kabla mteja hajakutana nao. Usaili mnaotufanyia haupimi kazi mnayotaka tuje kuifanya.

Kabla ya kuingia kwenye kazi hii nilikuwa wakala wa pesa za simu, kibandani Mbagala. Huko ndiko nilikojifunza mteja hufanya nini mtandao ukikatika akishaweka namba ya siri: anarudia. Na mfumo usipotengenezwa kwa uangalifu, akirudia pesa hutoka mara mbili. Jopo lingeniuliza hilo ningeongea hadi jioni. Badala yake nimekaa mbele ya watu watatu wenye karatasi, nikaambiwa nitaje kanuni saba za majaribio, tena kwa mpangilio. Usaili mwingine, kanuni zilezile. Majibu yote yako kwenye intaneti, na kila aliyekuwa nje kwenye benchi alikuwa anayakariri kwenye simu yake.

Nadharia ina mahali pake. Mtihani wa cheti cha ISTQB, bodi ya kimataifa inayotoa vyeti kwa wajaribu programu, ngazi ya msingi una maswali 40 ya kuchagua, na anayepata 26 amefaulu. Mwenye cheti hicho ameshapimwa. Halafu tazameni jambo moja: mtihani huo ni wa dakika 60, lakini anayeufanya kwa lugha isiyo yake huongezewa hadi dakika 75. Wenye mtihani wenyewe wamekubali kwamba lugha ya kigeni inakula muda. Majopo niliyokutana nayo hapa Dar es Salaam yanauliza kwa Kiingereza kitupu, na mtu mwenye jicho kali anaonekana hajui kitu kumbe anatafuta neno. Nimemwona dada mmoja niliyefanya naye kazi, ananishinda kabisa kwa kugundua dosari, akitoka usailini machozi yakimlengalenga.

Serikalini dereva hufanyiwa usaili wa vitendo, anapewa gari aendeshe. Mjaribu programu naye apewe programu aijaribu.

Inawezekana, maana nimelishuhudia. Katika kampuni moja msimamizi, mama wa makamo, aliweka mezani simu yenye programu ya kutuma pesa, akasema: “Kima cha chini ni shilingi 1,000, cha juu ni 1,000,000. Una nusu saa. Niambie kwa nini nisiwape wateja kitu hiki.” Nikaanzia mipakani, kwa sababu makosa mengi hukaa hapo: 999, 1,000, 1,000,000, 1,000,001. Nikaandika mpokeaji mwenye jina lenye ng’, kwa kuwa kile kialama cha juu kinazivuruga fomu nyingi, na nchi hii ina akina Mung’ong’o na Ng’wandu wasiostahili kuambiwa jina lao si sahihi. Nikazima data palepale nilipobonyeza kutuma. Mwisho nikaomba kuona taarifa ya miamala ya usiku, na hapo ndipo palipokuwa na jambo. Muamala wa saa nane usiku ulikuwa umeandikiwa tarehe ya siku iliyotangulia. Seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, ilikuwa inahesabu siku kwa UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, hivyo kwake siku ilikuwa haijageuka. Wakala anayefunga hesabu za siku kwa taarifa ya namna hiyo atahangaika na kitabu chake bila kujua tatizo liko wapi.

Yule mama hakutaka jina la dosari hiyo vitabuni. Aliniuliza ningeiandikaje ili mtengenezaji aielewe bila kunipigia simu. Nikaandika hatua za kuifikia, kilichotarajiwa, kilichotokea. Akauliza ipi irekebishwe kwanza, tukabishana kidogo. Kazi alipewa mwenzangu aliyejua kuandika majaribio yanayojiendesha yenyewe, nami nilipigiwa nikaelezwa hivyo. Nikajua cha kwenda kusoma.

Liko linaloniumiza zaidi. Kampuni nyingine ilinitumia programu yake halisi, inayotumiwa na wateja, ikataka niijaribu yote wikiendi na kuleta orodha ya dosari pamoja na picha za skrini. Bando langu, usingizi wangu. Nikatuma. Sikujibiwa hata neno moja, na toleo lililofuata likatoka dosari nilizoziandika zikiwa zimerekebishwa. Hiyo ni kazi, na kazi hulipwa.

Mkitaka kutupima, tengenezeni programu ndogo ya mfano, ipandikizeni makosa mnayoyajua ninyi, mtuache tuyatafute mbele yenu huku tukieleza kwa Kiswahili. Mkitumia bidhaa yenu halisi, semeni mapema mtalipa kiasi gani. Na asiyechaguliwa ajulishwe, hata kwa ujumbe mfupi, asiendelee kusubiri wakati angeweza kuomba kwingine.

Msomaji wako,
Mjaribu programu, Mbagala, Dar es Salaam
Jina limehifadhiwa