Mjomba, nimefika kwenye ile kona ya wimbo wako

Shikamoo mjomba. Najua utasomewa na mabinti zako, basi nawaomba wakusomee taratibu na wasiruke kitu, manake hii barua nimekaa nayo moyoni tangu Oktoba 2025, siku niliposikia Ace Frehley, yule mwimbaji wa kaseti yako, amefariki. Alikuwa na miaka 74. Nilitaka nikupigie usiku uleule nikaona kwa simu ntashindwa kuyasema yote.

Ile kaseti unaikumbuka? Ulirudi nayo kutoka melini, pamoja na ile redio kubwa iliyokuwa inakaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila jioni ukishaoga ukishajipaka poda shingoni unaiwasha, na wimbo ni huohuo mmoja, New York Groove, ukiisha unaitoa kaseti unairudisha nyuma kwa kalamu manake kile kitufe kilishakufa, unazungusha weee huku unapiga mluzi, halafu unaanza tena. Bibi analalamika betri zinaisha, kesho yake anazianika mwenyewe juani ili upige tena. Sisi watoto kibarazani tunapiga makofi tunakita miguu chini, na kweli wimbo wenyewe ndo ulivyojengwa, kishindo cha miguu na makofi, na gitaa linaingia juu yake zito kama mtu anasukuma mlango. Hauna haraka. Ni mwendo wa mtu anayetembea katikati ya barabara na anajua gari zitamsubiri.

Na ile picha ya juu, uso mweupe na rangi ya fedha kuzunguka macho! Mi nilijua ni jini. Ukatuambia huyo ni mtu kabisa, mtoto wa Bronx, hukuhuku New York, kazi yake gitaa kwenye bendi ya KISS, na hao jamaa wakipanda jukwaani wanatinga viatu vya raizoni virefu kuliko zile za vijana wa mjini. Nikakuamini kwa kila kitu.

Sasa mjomba, kuna jambo hukutuambia, labda hata wewe hukulijua: huo wimbo haukuanzia New York. Aliutunga Mwingereza, Russ Ballard, na waliotangulia kuuimba ni vijana wa kaskazini ya London walioitwa Hello, mwaka 1975, ukafika namba 9 kwao Uingereza. Enzi hizo za glam rock, wanaume wanameremeta, wanajipaka rangi machoni, wamepanda viatu vya visigino. Na mwaka huohuo New York yenyewe ilikuwa hoi. Oktoba 1975 jiji lilibakiza masaa tu litangazwe limefilisika, hela za kulipa madeni hazipo, ikabidi mfuko wa pensheni wa walimu ndo uliokoe. Yani huku London vijana wanaliimbia jiji kama vile ni peponi, kule wenyewe hawajui kesho wataamkaje. Miaka mitatu baadaye ndo Ace akauchukua huo wimbo. Wale wanne wa KISS walitoa albamu kila mtu na yake, siku moja, 18 Septemba 1978, na kati ya nyimbo zote humo uliopanda juu kuliko zote ni huu, namba 13 Marekani, wa yule mpiga gitaa ambaye kwenye bendi alikuwa haimbi sana. Mi sishangai. Sauti yake siyo nzuri ya kunyooka, anaimba kama anaongea, lakini alikuwa anaimba kwao.

Basi mwezi uliopita watu wa kazini wakanichukua twende Queens kuangalia besiboli, timu ya Mets. Mchezo wenyewe bado unanichanganya, ila walishinda, na wakishinda nyumbani kwao lazima wapige wimbo huu. Mjomba, nilivyosikia ule mkito wa kwanza miguu ilianza yenyewe. Uwanja mzima unaimba, wazee, watoto kwenye mabega ya baba zao, na mi machozi yananitoka, nimenusa poda yako pale.

Nikapanda treni namba 7, wenzangu wakashuka njiani, mi nikaenda moja kwa moja mpaka stesheni ya Grand Central, nikatembea mpaka Third Avenue na mtaa wa 43. Si ndo kona inayotajwa? Nilisimama hapo nikauweka wimbo masikioni nikayasikiliza maneno kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. Miaka yote nilidhani ni wimbo wa mgeni anafika mjini. Sivyo. Huyu bwana amerudi. Anasema miaka mingi imepita tangu awe hapa, sa hivi ana dola mkononi, ana Cadillac, ana mwanamke pembeni, gari linasimama kwenye kona hii wanashuka wanaingia usiku, basi, wimbo unaishia hapo, usiku wenyewe hausimuliwi kabisa. Furaha yote iko pale anapofungua mlango wa gari.

Ndo nikakumbuka wewe ulikuwa unasema "nikirudi New York". Kila hadithi ilikuwa inaishia hapo, nikirudi ntafanya hivi, nikirudi ntamtafuta fulani. Halafu bibi akaumwa, ukabaki kumuuguza miaka yote ile, meli zikaenda bila wewe, na hata siku moja sikukusikia ukilalamika. Ukawa unarudi kila jioni kwa kalamu na kaseti. Sisi tunapiga makofi tu, hatujui.

Kona yenyewe mjomba ni maofisi, magorofa marefu, teksi za njano, mvuke unapanda kutoka chini ya lami, na ukishuka na huo mtaa 43 dakika chache unaziona bendera za Umoja wa Mataifa upande wa mto. Nilirekodi dakika tatu za mlio wa barabara, urefu kama wa wimbo, nimemtumia mkubwa wa mabinti zako. Mwambie aiunganishe kwenye ile spika mpya, mkae kibarazani, sauti juu. Halafu Jumapili nikipiga uniambie, siku ile meli yenu ilipofika New York ulipanda mpaka huku juu kwenye kona, au mlibaki kulekule bandarini?