Wema usizidi uwezo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai hujambo na kazi zako zinaendelea vizuri. Sisi huku tu wazima, na wanyama nao wazima, kila mmoja kwa kadiri yake.

Barua yako imenifikia. Unasema uko tayari kuja kuyashika makao haya ya wanyama walemavu na waliotupwa nitakapokuwa siwezi tena. Nimefurahi mno, sikufichi. Lakini sitaki uje kwa kunionea huruma mimi, wala kwa kuwaonea huruma wanyama peke yake. Huruma humfungulia mnyama geti. Kinachomweka hai baada ya geti kufungwa ni kitu kingine, na hicho ndicho nataka tuzungumze kabla hujaniambia ndiyo kwa mara ya pili.

Anza na umri. Punda akitunzwa vizuri hufika miaka 30 na kuipita. Kasuku wakubwa huweza kuvuka 50, na wako kobe wa nchi kavu wanaozidi 100. Sasa jiulize, mtu wa umri wangu akimpokea kasuku kijana, anaahidi kwa niaba ya nani? Anaahidi kwa niaba yako. Ahadi ni deni, na deni hili hurithiwa. Ndiyo maana makao mengi yaliyoanzishwa kwa moyo safi huanguka mwenyewe anapougua au kufariki: kila kitu kilikuwa kichwani mwake, nani anakula nini, nani anauma akiguswa mkia, nani asikose dawa yake ya moyo hata asubuhi moja. Hapa kila mnyama ana daftari lake. Ukija, soma madaftari kabla hujasoma hesabu za fedha.

Kuna mambo ambayo moyo mwema hautakufundisha, na la kwanza ni njaa. Mtu akiletewa mnyama aliyebaki mifupa, kitu cha kwanza anachotaka ni kumshibisha. Siku zile za mwanzo, shibe ndiyo inayoua. Mwili uliokaa muda mrefu bila chakula huwa unajila wenyewe, mafuta kwanza, kisha misuli. Ukiumwagia nafaka nyingi ghafla, sukari hupanda kwenye damu, insulini hutoka kwa wingi, nayo huisukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Damu hupungukiwa na madini hayo, na moyo na mapafu hushindwa kazi. Mnyama aliyefika akiwa amesimama huanguka baada ya siku chache, na tumbo lake limejaa. Madaktari waliyaona hayo kwa binadamu pia, kwa wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambao walifariki baada ya kulishwa na watu waliowapenda. Kwa hiyo farasi aliyekonda hupewa majani makavu ya lusani, kiasi kidogo kila yanapopita masaa 4, usiku na mchana, kipimo kikiongezwa taratibu kwa siku kama 10, na nafaka asionjeshwe. Utaamka usiku wa manane kumpelekea konzi chache za majani, yeye atakuangalia kwa macho ya kuomba zaidi, nawe utaondoka. Hakuna kitu kigumu kama kuondoka pale.

Punda naye ana lake. Aliyenona akiacha kula ghafla, iwe kwa ugonjwa, kwa maumivu ya kwato au kwa kutenganishwa na mwenzake, mafuta ya mwilini hufurika kwenye damu, na ini na figo hushindwa. Punda asiyekula ni dharura ya leo, hata akiwa mnene, hata akiwa amesimama kimya. Hasa akiwa amesimama kimya, maana punda huficha maumivu kuliko farasi, na mtu asiyemjua husema ametulia.

Sasa nikueleze kazi ya Kito, yule mbwa mwekundu aliyevunjika uti wa mgongo, maana ndiye atakayekupa picha ya siku zako zitakavyokuwa. Miguu yake ya nyuma imekufa, na kibofu chake hakijui kikijaa. Mara 3 au 4 kwa siku lazima mtu amkamue mkojo. Unamsimamisha, unaweka mikono pande mbili za tumbo, mbele kidogo ya nyonga, na unatafuta kwa vidole mpaka uguse kitu cha mviringo kinachoteleza kama puto lililojaa maji. Hapo unabana polepole kuelekea nyuma, bila kumshtua, hadi mkojo uanze kutoka. Ukikatika unangoja, unabana tena, mpaka kibofu kiwe kimenywea kabisa, kwa sababu unaobaki ndani ndio unaoleta maambukizi. Kisha unaunusa na kuuangalia: ukiwa na harufu kali, ukungu au damu, daktari aitwe siku hiyo hiyo. Halafu unamwosha na kumkausha vizuri, maana mkojo ukikaa kwenye ngozi huunguza. Akilala, unamgeuza kila baada ya saa chache, usiku pia, kwani akilalia upande mmoja nyama ya nyongani hufa na kuwa kidonda kinachochukua miezi kupona. Baada ya yote hayo unamfunga kwenye kigari chake cha magurudumu, na yeye anakata kona kwa gurudumu moja huku vumbi likitimka, akibweka kumtaka kila mtu ampishe. Kigari nacho kina saa zake. Asikae ndani kutwa.

Nimekuandikia kirefu ili uone muda. Mbwa kadhaa kama Kito wanaimeza siku nzima ya mtu mmoja, na bado hujafagia banda la mbuzi.

Wapo wengine ambao kazi yao ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, na hao ndio wanaouawa bure sana huko nje. Wale paka wetu wanaoyumba na kutikisa kichwa wakikaribia sahani: mama yao akiambukizwa virusi vya panlukopenia, ugonjwa hatari wa paka, wakati wa mimba, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo haikui vizuri kwa watoto. Basi. Hali hiyo haiumi, haizidi kadiri wanavyokua, na wengi huishi umri wao wote. Wanachotaka ni zulia lisiloteleza, sahani pana isiyopinduka, na kuzuiwa wasipande mahali pa juu. Mbwa kipofu huikariri nyumba kwa hatua na harufu, kwa hiyo usihamishe ndoo ukaisahau njiani, na umsemeshe kabla ya kumgusa. Kiziwi mkanyagie sakafu asikie mtetemo, na umfundishe kwa ishara za mkono, hujifunza upesi. Wageni wakija watalia mbele ya paka wanaoyumba na kumpita mbuzi mzee mwenye baridi yabisi, ambaye kwa kweli ndiye anayeteseka usiku. Wewe usiongozwe na machozi ya wageni. Angalia nani ana maumivu.

Kuhusu karantini sitasema mengi, ila usimruhusu mtu yeyote akuchezee hapo. Kila mnyama mgeni akae peke yake wiki 2 angalau, viatu na ndoo za huko visivuke huku, na mhudumu aanze na wazima na wachanga, amalize na wagonjwa. Virusi vya parvo, vinavyoua mbwa wachanga, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui; jiki iliyochanganywa kwa kipimo sahihi huviua, lakini juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa, maana uchafu huipunguza nguvu. Kila anayeshika wanyama awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Aking'atwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mnyama anaonekana mzima, hata kama yeye mwenyewe alichanjwa.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Kazi kubwa utakayorithi kwangu, mwanangu, ni kusema hapana.

Simu italia. Mtu atakwambia ana mbwa asiyeona, na usipomchukua leo atamtupa. Atakutumia picha. Banda lako limejaa, mhudumu mmoja anaumwa, nawe utajiambia mmoja zaidi hatapunguza kitu. Makao yanayooza huoza hivyo, kwa mmoja zaidi. Hakuna anayeamka asubuhi akakusudia kurundika wanyama kwenye vinyesi vyao. Baadhi ya waliokutwa katika hali hiyo walianza kwa kuokoa, na kila mnyama aliingia na sababu nzuri. Kisha wakaguzi wakaja kuwaokoa wanyama mikononi mwa mwokozi.

Pale Uingereza, mwaka 1965, kamati ya Profesa Brambell ilitoa ripoti juu ya mifugo inayofugwa kwa kubanwa, na kutokana nayo, mwaka 1979, baraza la ustawi wa mifugo la huko likaweka uhuru 5 ambao leo hutajwa karibu kila mahali: mnyama asiwe na njaa na kiu, asikose mahali pazuri pa kukaa, asiachwe na maumivu na maradhi, aweze kuishi kwa tabia ya asili yake, na asiishi kwa hofu. Mimi hutumia orodha hiyo kuhesabu nafasi. Siulizi banda linaingiza wangapi. Nauliza, nikimwongeza huyu, je, Kito bado atageuzwa usiku? Mbuzi waoga bado watakuwa na kona yao? Kuna mtu atakayebaki na nusu saa ya kukaa tu na yule mbwa aliyepigwa, bila kumfanyia chochote, mpaka asogee mwenyewe? Jibu likiwa hapana kwa mmojawao, basi hapana hiyo ndiyo umpe mtu wa kwenye simu. Anayelipia mgeni asiyetosha ni yule aliyekwisha kuwa ndani, na yeye ulimwahidi kwanza.

Wala hapana siyo kumkatia mtu simu. Mara nyingi anayetaka kumtupa mnyama ameshindwa na jambo moja linalowezekana: bili ya daktari, chakula cha mwezi huu, au hajui tu kwamba kipofu anaweza kuishi. Mfundishe kukamua kibofu. Mtafutie mlezi wa muda. Piga simu kwenye makao mengine wewe mwenyewe. Wengi tuliowasaidia vizuri hawakuwahi kuvuka geti letu. Na humu ndani asizaliwe hata mmoja. Madume wahasiwe, majike wafungwe kizazi, bila kumsikiliza anayesema ni uonevu. Kila mtoto anayezaliwa humu anachukua nafasi ya aliyeko barabarani.

Kuhusu kifo. Utaombwa uamue, na daktari hatakuamulia. Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama nchini Marekani, alitunga kipimo cha mambo 7: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, 10 ikiwa hali nzuri kabisa, na jumla ikizidi 35 maisha bado yanavumilika. Namba hazikuondolei uchungu, lakini zinakulazimisha kumtazama mnyama badala ya kujitazama wewe. Jazeni wawili, kila mtu peke yake, kisha mlinganishe. Ikifika siku ya sindano, awepo mtu anayemjua, amshike kichwa. Akiwa punda, mwenzake aachwe karibu na mwili mpaka auache mwenyewe. Hili usiruhusu liharakishwe kwa sababu gari la kuzoa limefika. Punda asiyejua mwenzake ameenda wapi humtafuta kwa siku nyingi na huacha kula, na nimekwisha kukueleza punda akiacha kula hutokea nini.

Fedha nitakuonyesha mezani. Kwa sasa jua kwamba nawathamini wanaotoa kidogo kila mwezi kuliko anayekuja mara moja na hundi kubwa na kamera, na kwamba akiba ya dharura haiguswi kujengea banda jipya. Vidonda vya wanyama usiviweke kila siku mbele ya wafadhili. Nao wanachoka, na mnyama naye ana heshima yake.

Na wewe utachoka. Uchovu wa kazi hii hauanzi mgongoni. Utaanza kuwachukia watu wanaopiga simu, halafu utaanza kumfanyia Kito kazi yake kwa haraka, bila kumsemesha. Ukijikuta hivyo, toka, mwachie mwingine zamu, ulale. Nimewaona watu wema sana wakiacha kazi hii wakiwa wamevunjika, kwa sababu waliona aibu kupumzika.

Basi, kabla hujanijibu, nakuomba mambo mawili. Njoo likizo ijayo ufanye zamu zote, ya usiku pia, siyo kama mtoto wa nyumbani bali kama mhudumu. Kisha tukae na kamati ya makao yetu, tuandike kila mnyama ataenda kwa nani iwapo wewe utakataa. Una haki ya kukataa, mwanangu, na ukikataa sitakununia. Ila nijulishe mapema. Wiki ijayo nimeombwa nimpokee punda kijana aliyefungwa kamba mpaka ikamla mguu, na sijajibu, kwa sababu jibu lake linategemea lako.

Wako akupendaye,
Mama