Jina la Mirembe lisiwe tusi

Mhariri,

Kila anayetoa ushauri kuhusu vijana na mitandao siku hizi ana dawa moja: wazime simu. Mimi ni fundi cherehani hapa Nkuhungu, Dodoma, na kwenye kibanda changu simu ndiyo duka. Mteja anakuja na kitenge na picha ya Instagram, "nataka hivi hivi." Binti ninayemfundisha kazi ndiye anayesimamia ukurasa wetu. Akizima, tutakula nini?

Lakini namwona anavyoteseka. Akisharusha picha, mguu unakanyaga cherehani, macho yanahesabu laiki. Juzi alifumua mkono wa gauni uliokaa vizuri kabisa, eti kwa kuwa mtu asiyemjua aliandika "mshono wa bibi". Mteja mwenyewe alikuwa ameshajaribu, akajigeuza mbele ya kioo, akaridhika! Usiku hapati usingizi, anachungulia kurasa za mafundi wenye maduka ya vioo. Asubuhi macho mekundu, chai haigusi.

Mei 2023 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alionya kwamba vijana wadogo wanaotumia mitandao zaidi ya saa 3 kwa siku wana hatari maradufu ya kupata dalili za sonona na wasiwasi. Australia nao, tangu Desemba 2025, wamezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Sawa, ila huyu wangu ni mtu mzima wa miaka 22, na riziki yake imo humo humo.

Nikamshauri aende akaongee na mtaalamu. Mama yake akanijia juu: "Mama Upendo, unataka kumpeleka mwanangu Mirembe?" Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko hapa hapa kwetu, watu wanaifuata kutoka mikoa ya mbali, na sisi majirani zake tumeigeuza tusi. Abiria akibishania chenji, konda anasema katoroka Mirembe, gari zima linacheka. Vikatuni vya magazetini navyo, Mhariri, havijabaki nyuma.

Naomba ukurasa wenu wa afya ueleze mtu wa kawaida anapokelewaje pale: aanzie dirisha gani, anaonana na nani, inagharimu kiasi gani, na kama ni lazima alazwe. Gazeti langu la Jumapili huwa namwazima mama yake huyo binti, atasoma mwenyewe.

Mama Upendo,
Nkuhungu, Dodoma