Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NACOSTI: Ile mashine ilisema nini?

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu,
Waiyaki Way, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni mmoja wa wale vijana wa tabuleti. Kwa miaka minane nimezunguka mitaa ya mabanda ya Mukuru na Korogocho nikibisha milango, nikisoma fomu ya ridhaa, kisha dodoso: mnapikia nini, mtoto alikohoa lini, maji mnanunua wapi, choo kimoja mnatumia watu wangapi. Kazi hiyo imenilipia kodi ya nyumba, kwa hivyo sikuandikii kuwachongea watafiti. Kuna swali niliulizwa nikakosa jibu, na nadhani jibu lake linaweza kuanzia mezani pako.

Mradi mmoja, ambao sitautaja, ulikuwa unapima hewa ndani ya nyumba. Tuliingia kwa mama mmoja Viwandani, huko huko Mukuru, chumba kimoja cha mabati, tukapigilia msumari na kutundika kimashine cha ukubwa wa redio. Tukamwomba asikizime kwa saa 48 na apike kama kawaida yake. Kilinguruma usiku kucha, mtoto wake mdogo akakataa katakata kulala upande ule. Siku ya tatu tukakitoa, tukamwachia mche wa sabuni na asante nyingi. Msumari tukauacha.

Mwaka uliofuata nilirudi kwake na dodoso la watu wengine kabisa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza salamu zangu zote, ndipo akasema: "Kijana, kabla hujaniuliza lako, ile mashine ilisema nini?"

Sikujua. Msimamizi wangu naye akasema data zilishapelekwa. Zilipelekwa wapi, hakujua. Baadaye niliingia saiba nikaitafuta ile makala, nikaipata kwenye jarida la ng'ambo. Jina la mtaa wetu lilikuwemo. Nilisoma muhtasari wa aya moja, na kwa zilizobaki nikatakiwa kulipa dola. Nilikuwa na shilingi mia mbili.

Swali la yule mama halikuwa la udaku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha vumbi laini la hewani lisiloonekana kwa macho, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Saa 48 si mwaka, najua. Lakini mtu akiambiwa kwamba moshi hupanda zaidi saa moja jioni, mlango ukiwa umefungwa, anaweza kulitoa jiko nje au angalau kumtoa mtoto. Hiyo haihitaji dola.

Nairobi imeipa sayansi mengi. Wanawake wa Majengo, Pumwani, wamekuwa wakitoa damu yao tangu miaka ya 1980 kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada. Ni kwao dunia ilikojifunza kwamba kuna miili iliyokutana na virusi vya UKIMWI mara nyingi bila kuambukizwa. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lililo hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi kufikia au kupita kiasi.

Niseme kidogo hapa. Ukimwambia mzazi wa Dandora kwamba mwanawe ana risasi mwilini, atauliza polisi walimpigia wapi. Ni madini tunayosema, yale ya kwenye betri za magari na rangi za zamani, lakini neno ni lile lile. Ndiyo maana sitosheki mtu akiniambia ripoti ilitafsiriwa. Lazima mtu akae chini aeleze, aulizwe, aeleze tena.

Na inawezekana. Pale Mukuru, wakazi kupitia Muungano wa Wanavijiji, chama cha watu wa mitaa ya mabanda, walikaa meza moja na wasomi wa vyuo vikuu, wakahesabu kaya na kulinganisha bei. Ikaonekana wazi kwamba mtu wa Mukuru hulipa maji ghali kuliko mtu wa mtaa wenye bomba ndani. Takwimu zile hazikufungiwa kwenye jarida; wakazi walikwenda nazo kwa serikali ya kaunti, na Agosti 2017 Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani zikatangazwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kupangwa upya kwa utaratibu wake. Nimesikia wazee wakizitaja bei hizo kichwani, bila karatasi.

Mheshimiwa, leseni ya utafiti hutolewa na Tume yako chini ya sheria ya mwaka 2013, nayo humtaka mtafiti ailetee Tume nakala ya ripoti yake ya mwisho. Naomba uongeze sharti moja: kabla utafiti haujahesabiwa umekwisha, mtafiti alete pia ukurasa mmoja wa Kiswahili, na barua ya chifu au ya wahudumu wa afya ya jamii ikithibitisha kwamba ukurasa huo ulisomwa barazani na watu wakauliza maswali.

Nitaambiwa mwanafunzi wa uzamili hana pesa. Ukurasa mmoja na nauli ya matatu, basi. Nitaambiwa kuna siri za wahojiwa. Hakuna anayetaka kujua damu ya jirani. Hoja inayonisumbua kweli ni ya tatu, niliyoambiwa na daktari mmoja ninayemheshimu: ukimwambia mtu hewa yake ni mbaya na hana pa kuhamia, umemwongezea tu mzigo. Nimeifikiria sana. Lakini Ibara ya 42 ya Katiba inampa mtu huyo haki ya mazingira safi, na ya 35 inampa haki ya kupata habari anazohitaji ili adai haki yake. Kama ni mzigo, ni wake, na tuliutoa nyumbani kwake.

Ukikubali, wa kwanza kupelekewa habari ni yule mama. Itabidi nipite kwenye kibanda chake cha sukuma, maana siku hizi nikibisha nyumbani hafungui mpaka niseme sikubeba tabuleti.

Wako mtiifu,
Mkusanya data, Mukuru